Miezi kumi na minne ya kuongozwa kitafiti: nyota nne kati ya tano

Mimi ni daktari katika hospitali ya mkoa huku Nyanda za Juu Kusini, na tangu nikiwa daktari tarajali nimetaka kitu kimoja: kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Hospitalini kwetu hatuna bingwa huyo. Mtoto mwenye kichwa kikubwa, yaani kilichojaa maji, tunamwandikia rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, na mama anarudi kwanza kijijini kutafuta nauli. Wengine hawaendi kabisa.

Nafasi za kusomea ubingwa huu ni chache, na ukiomba unaulizwa umechapisha nini. Kwa hiyo niliomba kuingia kwenye mpango wa bure unaomkutanisha daktari aliye mbali na hospitali kubwa na mwalimu wa utafiti, kwa njia ya mtandao. Jina la mpango silitaji, kwa kuwa nina sifa na lawama, na lawama nimeshawapelekea wenyewe. Mipango ya namna hii ipo kadhaa. Naandika ili ujue cha kuuliza kabla hujajiunga.

Kabla ya mpango huo nililipa dola 150 kwa kampuni moja iliyoahidi kunichapishia utafiti. Nikatumiwa jedwali, nikatakiwa nilijaze kutoka kwenye mafaili ya wagonjwa na kulirudisha ndani ya wiki mbili. Kibali cha maadili hakikuzungumzwa. Jina langu lingekuwa la tisa kwenye orodha ya waandishi. Nilijitoa, na fedha haikurudi.

Mwalimu niliyepewa baadaye ni Mkenya anayefanya upasuaji Kanada. Nilimwendea na mada kubwa kuhusu upasuaji wa ubongo barani Afrika nzima. Akaisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Daktari, mtoto wa mwisho uliyempa rufaa alikuwa na umri gani?"

"Miezi saba, Mwalimu."

"Na mama aliona kichwa kinakua lini?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza. Tukaanzia hapo: watoto wetu wenye kichwa kikubwa hupotelea wapi kati ya siku mama anapoona tatizo na siku tunapoandika rufaa?

Kilichofuata ndicho ninachokipa nyota nyingi zaidi. Alinikataza kufungua hata faili moja kabla ya kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Nilisubiri kwa miezi, nikanung'unika, naye hakulegeza. Majina ya watoto yalibaki masjala, mimi nikafanya kazi kwa namba tu, na hakuna taarifa ya mgonjwa iliyotoka hospitalini kwenda kwake. Siku ya kwanza kabisa tuliandikiana nani atakuwa mwandishi wa kwanza na kwa kazi gani. Aliponiuliza nani atanisaidia na vipimo, nikamtaja muuguzi wa kliniki ya watoto. "Basi naye ni mwandishi," akasema. Muuguzi huyo alijifunza nami hatua kwa hatua, na yeye ndiye aliyegundua kwamba kwenye kadi nyingi za kliniki uzito umejazwa kila mwezi lakini mzunguko wa kichwa haukupimwa hata mara moja. Futi ya kupimia ilikuwepo, imefungiwa kabatini.

Masomo aliyonipa yalitoka karibu nasi. La kwanza lilikuwa utafiti wa Mbale, Uganda, uliochapishwa 2017: watoto wachanga 100, karibu nusu wakiwekewa shanti, yaani mpira wa kutoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, na waliobaki wakifanyiwa upasuaji wa kamera usioacha mpira mwilini, kisha wakafuatiliwa kuona ubongo unavyokua. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakuonekana kutofautiana kwa maana katika ukuaji wa akili. Kwa mama wa kijijini kwetu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu shanti ikiziba usiku, hospitali yenye mpasuaji iko zaidi ya siku ya safari.

Nilipoandika utangulizi nikauanza na makadirio ya 2018 kwamba watu milioni 5 kila mwaka wanakosa upasuaji wa ubongo wanaouhitaji. Akayafuta. "Kila mtu anaanza na hayo. Anza na kliniki yako." Rasimu ilirudi mara kumi na moja. Kila iliporudi kulikuwa na maelezo pembeni, wala hakuwahi kuniandikia aya. Pia alinionyesha kwamba hospitali yetu ina haki ya kuingia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani, na kusoma majarida ya kitabibu bila malipo; miaka yote hiyo hatukuwa tumejisajili. Marejeo nilipanga kwa programu ya Zotero, nayo ni ya bure.

Nyota moja nimeipunguza kwa mambo haya. Vikao vilikuwa saa saba usiku kwetu, nami kesho yake nina zamu. Masomo ya takwimu ni video ndefu, nzito kwa bando, zinazotumia programu ya kulipia. Nilijifunzia R, programu ya takwimu ya bure, kwa rafiki. Na hakuna aliyenitahadharisha mapema kuhusu ada ya kuchapisha. Tanzania ilipanda hadi kipato cha kati cha chini mwaka 2020, na jarida tulilolichagua lilitoa msamaha kamili kwa nchi za kipato cha chini pekee. Tulipunguziwa nusu. Iliyobaki ilizidi mshahara wangu, ikabidi tuhamie jarida lisilotoza mwandishi na kupoteza miezi minne. Uliza hili wiki ya kwanza.

Makala imekubaliwa. Futi sasa imening'inizwa kwenye mzani wa kliniki. Waratibu wamenijibu kwamba kundi lijalo litakutana Jumamosi saa kumi jioni, saa za Afrika Mashariki. Kuhusu video bado nasubiri jibu.