Rangi ya injini ya pikipiki ya porini: nilijaribu tatu kwenye kava moja

Kava ya klachi ya pikipiki yangu ya porini ina kidonda kisichopona. Kipo pale kifundo cha buti kinapoegemea, kinatosha kufunikwa na kiganja cha mtoto, na kila rangi niliyopaka ilianza kufa hapo. Nimeibandua na kuipaka upya mara nne kwa rangi za aina tatu, kwa hiyo sasa nina upande.

Watu wakizungumzia rangi ya injini huanza na joto. Nami nilianza huko huko, nikizungusha kopo mkononi kutafuta namba kubwa kuliko ya kopo la jirani yake. Lakini kasha la injini inayopozwa kwa maji kwa kawaida huwa karibu na nyuzijoto 100 za Selsiasi, na joto hilo rangi yoyote ya injini inalimudu. (Silinda inayopozwa kwa hewa ni habari nyingine, na bomba la ekzosi ni nyingine kabisa.) Kinachoimaliza rangi ni buti lenye matope ya mchanga, maana kati ya buti na kava huo ni msasa. Halafu kuna maji ya presha, yanayotafuta ukingo uliochubuka ili yapenye chini yake. Kuna petroli inayomwagika ukijaza tangi. Na kuna mafuta ya breki. Nikaamua kupima kwa hayo manne.

Nikaanza na rangi ya kopo. Mara ya kwanza nilipuliza, nikaiacha ilale usiku mmoja, nikafunga kava. Tone la petroli likailainisha, nikaifuta kwa kidole kama vumbi. Rangi hizi hukauka juu juu kwa hewa, ila kukomaa ni mpaka zipate moto. Mara ya pili nikafuata maelekezo: kava ndani ya oveni, nyuzijoto 93, dakika 20. Petroli ikashindwa. Mafuta ya breki hayakushindwa. Nilidondosha tone jioni, asubuhi rangi imejikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Buti nalo likafika kwenye chuma baada ya kutoka mara sita hivi. Hata hivyo sitaitukana. Kwa sehemu za kasha zisizoguswa na mguu bado naitumia, na ikichubuka unagusagusa palepale bila kufungua kitu.

Ya pili ilikuwa rangi ya unga, ile inayopulizwa kwa umeme kisha ikaokwa karibu nyuzijoto 200 mpaka iyeyuke na kushikana. Kwa ugumu, heshima yake. Mafuta ya breki niliyaacha juu yake usiku mzima, sikuona hata kivuli. Shida ni mbili. Vyuma vya injini ni vya kumwaga kwenye kalibu, vina vitundu vidogo, na ndani yake mna hewa na mafuta ya miaka. Vikipata moto hutoa pumzi, na pumzi hiyo hutoboa rangi ikiwa bado laini. Kava yangu ilirudi na matundu kama ya sindano. Dawa ni kukioka chuma kitupu kwanza, kwa joto kubwa kidogo kuliko la kuivisha rangi, kisha kukisafisha tena. Fundi aliyenifanyia aliiruka hatua hiyo, nami sikujua kuuliza. Shida ya pili ni unene. Tabaka lake hufika maikroni 60 hadi 100, na likiachwa chini ya vichwa vya bolti hubonyea taratibu. Nilikaza bolti zote sawasawa, baada ya safari mbili nikakuta tatu zimelegea na mafuta yanatoka kama jasho kwenye gasketi. Sehemu za bolti, uso wa gasketi, matundu ya pini na nyumba za beringi lazima zizibwe kabla ya kupuliza. Na ikibanduka kipande, hakuna kugusagusa. Ni kuanza upya.

Ya tatu ndiyo iliyopo sasa: Cerakote ya H, chapa ya rangi yenye seramiki, ya kuokwa. Ni rangi ya sehemu mbili, unachanganya na kikausho chake, unapuliza kwa bunduki ndogo ya rangi, kisha saa 2 kwenye nyuzijoto 121. Tabaka lake ni jembamba, maikroni 25 hivi, kwa hiyo bolti hazina habari nalo. Ubaya wa wembamba huo ni kwamba haufichi kitu. Mkwaruzo uliouacha kwenye chuma utauona tena, safari hii ukiwa mweusi. Nilirudia msasa siku nzima kwa sababu ya mstari mmoja wa bisibisi.

Na haina msamaha kwa uvivu. Inataka chuma kipigwe oksidi ya alumini ya namba 100, yaani punje kali kama mchanga zinazorushwa kwa hewa, ili kiwe na makwaruzo ya kuishika, kiloweshwe asetoni, kiokwe kitupu kitoe mafuta, na kisiguswe tena kwa mkono usio na glavu. Hapa niseme jambo moja kwa mkazo kuliko rangi zote. Ukipeleka kasha kupigwa mchanga au shanga za kioo, ziba njia za mafuta, na likirudi liosheni njia kwa njia, maji ya moto na sabuni, brashi ndefu, hewa ya kompresa, kisha rudieni. Mimi nilidhani nimemaliza, nikagonga kasha kwa nyundo ya mpira, na kutoka kwenye tundu lisilotoshea hata kalamu zikamwagika shanga za kujaza kijiko. Shanga hizo zikifika kwenye beringi za kranki, rangi nzuri itakuwa ya kupambia maiti.

Angalieni pia chuma chenyewe. Kava za baadhi ya pikipiki za mashindano ni za magnesi, si alumini. Dondosha siki mahali palipokwanguliwa: magnesi hutoa povu papo hapo, alumini hukaa kimya. Ikitoa povu, weka mbali asidi za kusafishia, na usiikwangue kwa mashine karibu na cheche, kwa sababu vumbi lake huwaka.

Swali nililobaki nalo ni kama ilistahili taabu hiyo kwa kasha zima. Kwa maoni yangu, hapana. Kava mbili za pembeni, ya klachi na ya magineto, ndizo zinazosuguliwa, na hizo nimeziokea Cerakote. Kasha la katikati nimelirudishia rangi ya kopo juu ya praima ya epoksi, na ukikaa hatua tatu huoni tofauti isipokuwa uangalie mng'ao.

Msimu mmoja umepita, wenye mvua nyingi. Kidonda kimerudi mahali pake pa siku zote, ila kimekuwa doa linalong'aa kama kiatu kilichopigwa brashi. Nimelipitishia kucha, nikamulika kwa tochi. Bado ni jeusi.