Everest Base Camp au Annapurna Base Camp, uende ipi?

Hizi ni kambi mbili za Nepal, chini ya milima ya Everest na Annapurna, ambazo watu wanazifikia kwa kutembea siku kadhaa. Hili swali haliishi, na mi naona wengi wanaangalia jina tu. Anza na mwinuko: Everest unafika mita 5,364, Annapurna 4,130, na hiyo tofauti kichwa chako kitaisikia, ndo maana mwongozaji mzuri wa Everest atakulaza Namche, mji mdogo wa njiani (mita 3,440), usiku wa ziada mwili uzoee, akisema mnapitiliza tu tafuta mwingine. Annapurna nayo sio lelemama, ngazi za mawe za kijiji cha Chhomrong unazishuka mpaka mtoni afu unapanda tena, magoti yanalia.

Kwa hela Annapurna ni nafuu, Pokhara, mji wa kuanzia safari, unafika kwa basi. Everest wengi wanaruka kwa ndege mpaka Lukla, wanapoanzia kutembea, na ukungu ukitanda ndege haziendi, kwa hiyo acha siku za akiba kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Ila Annapurna kuna hatari ya maporomoko ya theluji kati ya Deurali na Machhapuchhre Base Camp, hasa mwezi wa 3, muulize mwongozaji njia ikoje.

Una siku kumi na bajeti ndogo, Annapurna. Una wiki mbili na bima inayolipia helikopta ya uokoaji, nenda Everest.