Kipima pawasaplai cha mkononi: uzoefu wangu na kompyuta iliyokuwa inagoma asubuhi

Kifaa chenyewe ni kidude cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina kioo kidogo juu na matundu ya plagi pembeni. Unachomeka humo ule mdomo wa pini 24 unaotoka kwenye pawasaplai ya kompyuta ya mezani, yaani lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, nacho kinaiwasha pawasaplai bila kuhitaji mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, halafu kinakuandikia volti za kila njia ya umeme. Nilikiagiza Kariakoo kwa shilingi 35,000 kikaletwa Tanga kwa basi. Vinauzwa kwa majina mengi vikiwa na sura ileile, kwa hiyo jina la kwenye boksi usilihangaikie. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoinyima nitaifikia huko mbele.

Nina steshenari Ngamiani: kuchapa, kutoa kopi, picha za paspoti, kuwajazia watu fomu mtandaoni. Kompyuta ya kazi ni ya mezani, mtumba wa ofisi kutoka Ulaya. Mashine hizi ni imara, sina ugomvi nazo, ila zimekulia kwenye ofisi zenye viyoyozi ndipo zikaja kumalizia umri wao kwenye joto na chumvi ya pwani. Ya kwangu ilianza vituko msimu wa maombi ya mkopo wa wanafunzi wa elimu ya juu (HESLB), wakati ambao vijana wanapanga foleni na vyeti vyao mkononi kabla sijafungua mlango.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nabonyeza swichi, kimya. Feni haizunguki, taa haiwaki, hakuna mlio. Nabonyeza tena, kimya. Naendelea kufagia, nawasha mashine ya kopi, napanga karatasi, nikirudi kuibonyeza inawaka vizuri tu, na ikishawaka inapiga kazi mpaka jioni. Kuna siku inaitika mara ya kwanza, na siku hizo ndizo zinazokupumbaza, maana unajiambia imepona.

Hapa niseme jambo ambalo lingeokoa fedha za watu wengi. Tunasema "kompyuta haiwaki" kwa magonjwa mawili tofauti. Kuna ile ambayo feni zinazunguka na taa inawaka, lakini monita ni giza. Hiyo umeme inaupata, kwa hiyo unaanza kutazama RAM (vibao vya kumbukumbu), waya wa monita na mazabodi. Na kuna ile isiyo na dalili yoyote ya uhai. Kwa hii ya pili watuhumiwa ni wachache: umeme wa ukutani na waya wake, swichi ya mbele, pawasaplai, na mwisho kabisa mazabodi. Kusugua RAM kwa kifutio hakuwezi kuisaidia kompyuta ambayo hata feni haijazunguka.

Wawili wa mwanzo niliwamaliza mwenyewe. Soketi niliijaribu kwa chaja ya simu, ekstensheni nikaiweka pembeni, waya wa umeme nikabadilishana na ule wa mashine ya kopi. Hakuna kilichobadilika. Swichi ya mbele nayo ina kipimo chake: waya zake mbili zinaishia kwenye pini mbili ndogo za mazabodi, zimeandikwa PWR au PWR_SW. Unazichomoa, unagusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Kompyuta ikiwaka, ubovu ni wa swichi. Yangu ilinyamaza vilevile.

Nikaipakia kwenye bajaji kwenda kwa fundi wa kompyuta. Akaifungua, akapuliza vumbi, akasugua RAM, akabadilisha betri ndogo ya mazabodi (CR2032), akaiwasha. Ikawaka. Akaizima, akaiwasha, ikawaka tena. Ni mgonjwa anayepona akifika zahanati. Nikalipa, nikarudi nayo, na haikuchukua muda ikagoma tena. Niliporudi kwake akasema, "Dada, hii mazabodi inachoka. Pawasaplai nimeipima, ni nzima." Mazabodi ya kubadilisha, 180,000.

Na kweli alikuwa ameipima. Alitumia njia inayojulikana na kila fundi: unachomoa mdomo wa pini 24, unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi, na pawasaplai inawaka. Feni ilizunguka, akaridhika. Sitaki kumsema vibaya, jina lake wala duka lake sitalitaja, kwa sababu alichokiona ndicho alichokisema. Tatizo ni mambo mawili. Feni inakula volti 12 na inazunguka hata volti zikiwa pungufu, kwa hiyo haikuambii chochote kuhusu njia nyingine. La pili, alipima saa nane mchana, mashine imeshawaka dukani kwangu asubuhi na imekaa kwenye umeme mezani kwake. Saa hiyo haikuwa na ugonjwa wowote.

Ndipo nilipoamua kununua kipimo changu, niipime mimi saa ile ile inapougua. Hilo ndilo jambo kubwa ninaloweza kusema kwa faida ya kidude hiki. Siyo kwamba kina akili kuliko fundi, ila kinakaa dukani kwako usiku kucha na hakina haraka.

Kwanza ujue kinapima nini. Pawasaplai ya kompyuta haizimi kabisa ukizima kompyuta. Mradi imechomekwa ukutani na swichi yake ya nyuma imewashwa, kuna njia moja inayobaki macho, waya wa zambarau, volti 5 za kusubiri, ambazo kwenye kioo huandikwa 5VSB. Ile swichi unayobonyeza mbele haikati wala kuunganisha umeme mkubwa. Inatuma ombi tu. Mazabodi, ikiwa inalishwa na zile volti 5 za kusubiri, inalipokea ombi na kuushusha volti waya wa kijani, ndipo pawasaplai inafungua njia nyingine: 12, 5 na 3.3. Zikitulia, inatuma ishara kwa waya wa kijivu kwamba mambo yako sawa, na kwa kawaida ishara hiyo inatoka kati ya milisekunde 100 na 500. Kioo kinaiandika PG. Sasa fikiria zile volti 5 za kusubiri ziwe dhaifu. Utabonyeza mpaka kidole kiume, hakuna wa kulipokea ombi lako.

Jioni nilifunga duka kama kawaida na kuzima soketi ukutani. Ni desturi yangu, kwa sababu umeme ukikatika usiku unarudi kwa kishindo na sitaki ukikute kitu kimechomekwa. Asubuhi, kabla ya kubonyeza chochote, nikafungua kasha, nikauchomoa mdomo wa pini 24 kwenye mazabodi nikauingiza kwenye kipima, ndipo nikawasha soketi. Kikalia pii pii pii, na kioo kikajaa LL, maana yake volti ziko chini ya kiwango au hazipo. Njia zote, ikiwemo ile ya kusubiri. Nikaiacha soketi imewashwa, nikahudumia wateja wa kopi, nikarudi kuchomeka upya. Safari hii namba zikaja zote, na kelele hakuna.

Kesho yake nikaazima mita ya kupimia volti kwa fundi umeme wa mtaani, kwa sababu LL haikuambii ni chini kiasi gani. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye zambarau, kwa nyuma ya mdomo. Ilianza volti 4.1, ikapanda polepole, 4.3, 4.5, hadi ikavuka 4.75. Hiyo 4.75 ndiyo mpaka wa chini, maana kinachoruhusiwa kwa njia ya volti 5 ni asilimia 5 juu au chini. Mchana ilisoma 5.0 kamili. Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi mchana, nami nilikuwa sahihi asubuhi.

Dalili hii, ya kukataa ikiwa baridi na kukubali ikipata moto, kwa kawaida ni ya kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda. Zile ndogo za mviringo zina majimaji ndani, na kadiri zinavyokaa kwenye joto majimaji hukauka. Zikipata moto kidogo zinajikongoja, zikipoa usiku zinashindwa. Na njia ya kusubiri ndiyo inayochoka mapema kwa sababu inafanya kazi muda wote kompyuta imechomekwa, hata ukiwa umelala. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto likizidi nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua kwa nusu. Pima hapo na chumba cha bati cha Ngamiani mwezi wa pili.

Sikurudi kwa fundi wa kompyuta. Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa redio na TV.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo nayo imefanyaje?"

Sikumaliza kueleza. Akaniuliza, "Ikishapata moto inawaka?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akasema TV alizotengeneza kwa ugonjwa huo hazihesabiki. Kifuniko hakukigusa siku hiyo mpaka ilipokaa bila umeme, na alipokifungua kitu cha kwanza ilikuwa kuumaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya pawasaplai unafika kama volti 325, na kapasita ile inaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya. Ndiyo maana nasema kupima kwa nje ni kazi ya mtu yeyote mwangalifu, kufungua boksi la pawasaplai siyo. Akabadilisha kapasita ndogo za njia ya kusubiri, akachagua zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85. Nikamwomba isiondoke mpaka ilale kwake na ipimwe alfajiri, akakubali bila kununa. Malipo 12,000.

Sasa kipima kinasoma asubuhi: 12.1, 5.0, 3.3, kusubiri 5.1, PG milisekunde 280. Kompyuta inaitika mara ya kwanza, na masika yamepita nayo hivyo hivyo. Hata hivyo nimeweka pawasaplai ya akiba kabatini, mtumba uliotoka kwenye mashine ya ofisi. Mpya za bei ya chini zenye maandishi makubwa ya wati 500 nimezishika mkononi dukani; ni nyepesi mno, nikazirudisha.

Nyota niliyoinyima. Kwanza hiyo LL, ambayo inaficha namba wakati namba ndiyo unayoihitaji. Utahitaji mita pembeni. Pili, na hili ni zito zaidi, kipima kinaivuta pawasaplai kidogo sana. Pawasaplai inayokubali bila mzigo na kuanguka kompyuta ikianza kazi nzito, labda ina kadi kubwa ya picha, itapita mtihani huu ikicheka. Kwa ugonjwa wa kuzima katikati ya kazi usikitegemee. Tatu, hakioni mawimbi kwenye umeme, kinaona wastani tu. Karatasi ya maelekezo nayo ina herufi za kusomea kwa darubini. Na usikiache kimechomekwa muda mrefu, kinapata moto.

Kabla hujatuma hela, fungua kasha uangalie mdomo wa pawasaplai yako. Mashine nyingi za ofisi za Dell na HP hazina ule wa pini 24, zina midomo yao wenyewe midogo. Kwenye Dell nyingi kuna kitufe kidogo nyuma ya pawasaplai, karibu na panapoingia waya: ukikibonyeza na taa ya kijani ikawaka, pawasaplai inatoa umeme, na hicho ni kipimo cha bure. Kibonyeze asubuhi. Jirani yangu wakala wa pesa alisikia habari za kidude changu akaniletea kompyuta yake inayogoma. Mdomo ulikuwa wa pini 6, haukuingia popote. Tukaishia kwenye mita ya kuazima.