Data za sakafu ya bahari za MH370: uzoefu wangu wa kuzichambua kwa QGIS

Data hizi zilikusanywa wakati wa kuitafuta MH370, ndege ya Malaysia Airlines iliyotoweka Machi 2014. Geoscience Australia, taasisi ya serikali ya Australia ya jiolojia, ilizitoa kwa awamu mbili: Julai 2017 ramani za kina cha bahari zilizopimwa kwa sona (vipimo vya mwangwi wa sauti) za meli, na Juni 2018 picha za sona zilizopigwa karibu na sakafu yenyewe. Ni za bure, na leseni inaruhusu kuzitumia ukitaja chanzo. Nazipa nyota nne kati ya tano. Ubora hauna shida. Nyota moja nimeizuia kwa sababu mgeni hupakua awamu ya kwanza, kisha anaitafuta humo ndege ambayo haiwezi kuonekana.

Gridi ya awamu ya kwanza ni ya mita 150, yaani kila pikseli ni mita 150 kwa 150. Boeing 777-200ER ina urefu wa karibu mita 64 na upana wa mabawa mita 61, kwa hiyo hata ingelala chini ikiwa nzima isingejaza nusu ya upana wa pikseli moja. Tena haikutarajiwa kulala nzima. Air France 447, ndege iliyoanguka baharini mwaka 2009, ilipopatikana Aprili 2011 katika Atlantiki, kwenye kina cha mita 3,900 hivi, mabaki yake yalikuwa yametawanyika eneo la takriban mita 600 kwa 200. Hizo ni pikseli nne kwa moja na kitu, na vipande vyake vinainuka mita chache tu, ilhali kosa la kupima kina hicho kutoka juu ya maji huweza kufika makumi ya mita. Anayekuonyesha umbo la bawa kwenye ramani ya kina anakuonyesha kelele za kipimo.

Lakini usiitupe awamu hiyo. Thamani yake ni kukuonyesha mahali ambapo sona ya kukokotwa (inayovutwa na meli karibu na sakafu) ingeweza kukosa kuona kitu: miteremko mikali, mabonde membamba, nyuma ya matuta. Fungua GeoTIFF (faili la picha lenye viwianishi vya ramani) ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani. Kwa eneo la latitudo 33 hadi 36 kusini, karibu na tao la saba la setilaiti (mstari wa mahali ndege ingeweza kuwa ilipowasiliana na setilaiti mara ya mwisho), badilisha mfumo wa ramani kuwa UTM, unaopima kwa mita, kanda ya 46 kusini (EPSG:32746), ukichagua njia ya "bilinear". Ukiacha ile ya pikseli jirani utapata mistari ya ngazi ambayo baadaye utaidhania kuwa miamba. Usikokotoe mteremko faili likiwa bado katika digrii, maana kina kiko katika mita na jibu litakuwa la ajabu. Hakikisha pia thamani ya "nodata" (alama ya pikseli zisizo na kipimo) imetambuliwa, la sivyo kingo zote zitageuka majabali.

Tengeneza vivuli vya mwanga mara mbili, azimuthi (mwelekeo wa mwanga kwa digrii) 315 na 45, ukikuza wima mara tatu. Kinachobadilika sura kufuata mwanga kichunguze zaidi. Mistari iliyonyooka sambamba na njia ya meli ni alama za kipimo: mihimili ya pembeni ina kelele, na kasi ya sauti majini ikikosewa sakafu tambarare hupinda kingo juu au chini. Nje ya eneo lililopimwa, linganisha na gridi ya GEBCO, ramani ya kina cha bahari za dunia nzima, pamoja na safu yake ya TID inayoonyesha chanzo cha kila kipimo: namba 11 ni sona ya miale mingi, 40 ni makadirio yanayotokana na mvutano wa dunia uliopimwa kwa setilaiti. Penye 40 usichambue chochote kidogo.

Kazi ya kutafuta vitu vyenyewe iko awamu ya pili, zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Picha zilizounganishwa zinafaa kupitia haraka; ukipata doa, rudi kwenye faili ghafi la mstari ule. Hapo pima kivuli. Urefu wa kitu ni kimo cha chombo cha sona juu ya sakafu, mara urefu wa kivuli, gawa kwa umbali kutoka chombo hadi mwisho wa kivuli. Chombo kikiwa mita 150 juu, kivuli mita 10, mwisho wake mita 500, kitu kina mita 3, karibu na kipenyo cha feni ya injini ya Trent 892 ya ndege hii, mita 2.8. Kanuni hii inadai sakafu tambarare. Kwenye mteremko inadanganya, na ndiyo sababu ramani ya kina ibaki wazi pembeni.

Mwangwi mkali peke yake hauthibitishi kitu. Mei 2015 kundi la madoa yanayong'aa kwenye sakafu tulivu, kina cha mita 3,900, lilionekana kama mabaki kabisa. Lilikuwa meli ya karne ya 19, pamoja na makaa ya mawe yaliyomwagika. Wachunguzi wa Australia waliorodhesha sehemu 661 za kutiliwa shaka, wakazikagua 82 zilizotia matumaini zaidi, na zote zikafutwa.

Tafuta kundi la vipande, si umbo la ndege. Flapu (kibao cha nyuma ya bawa kinachoshushwa wakati wa kutua) ya nje ya bawa la kulia, iliyopatikana kisiwani Pemba Juni 2016, ilichunguzwa na kuonekana kuwa kwa uwezekano mkubwa ilikuwa imekunjwa, yaani ndege haikuwa imetayarishwa kutua majini.

Kabla hujatangaza pengo, yaani sehemu isiyopekuliwa, kumbuka kwamba kilomita za mraba zaidi ya 112,000 zilizopekuliwa na kampuni ya Ocean Infinity mwaka 2018 hazimo kwenye furushi hili. Na ukitangaza, toa jina la faili, namba ya mstari, viwianishi, upande wa chombo, umbali na urefu wa kivuli. Familia za watu 239 zinasoma haya. Picha yenye duara jekundu bila vipimo hivyo usiiweke hadharani.