Nusu kwa nusu, au kila mtu na mchango wake?

Mmeachana bila kuwahi kufunga ndoa, nyumba imeuzwa. Deni la benki na ada ya dalali vikishalipwa, kinachobaki mnakigawaje?

Nusu kwa nusu huisha haraka, hasa hati ikiwa na majina yote mawili. Ila humuumiza aliyetoa malipo ya awali peke yake.

Mgawo wa mchango humrudishia kwanza hela hiyo: zikibaki 60, naye alitoa 20, mnagawana 40. Tatizo ni risiti. Aliyenunua chakula na kulea watoto huku mwenzake akilipa mkopo hana karatasi ya kuonyesha, na huo ni uonevu. Hata hivyo ningechagua huu, mradi jasho hilo nalo lihesabiwe. Jina lako halimo kwenye hati? Muone wakili kabla fedha hazijatoka.