SSD za Windows na Linux kwenye mashine moja: ipi inastahimili kukatika kwa umeme?

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali ninayoletewa kutoka Mtwara, Masasi, Newala mpaka Nachingwea yanafanana. Mtu ana kompyuta ya Dell OptiPlex 7010, ile ya 2012, au HP ya umri huo. Mashine nzima, haina shida, ila Windows 11 inaikataa kwa sababu haina chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft. Kuifuta Windows 10 hawezi, maana programu ya mahesabu ya duka inaendana na hiyo tu. Basi anaamua Windows ibaki na mahesabu bila intaneti, na Linux Mint, mfumo wa bure, ishike mtandao, barua pepe na kazi nyingine. Uamuzi huo naunga mkono kabisa. Tatizo linaanzia dukani, anapokwenda kununua SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka.

Msomaji wa Masasi, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, aliniandikia hivi: "Dada, umeme ulikatika mara moja tu, uliporudi mashine haiingii popote. Kwenye BIOS jina la diski limebadilika, inaandika SATAFIRM S11. Fundi anasema ni virusi."

Si virusi. Hilo ni jina linalojitokeza kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla mfumo haujawaka, pale kidhibiti cha aina fulani, ambacho kimewekwa kwenye SSD nyingi za bei ya chini, kinaposhindwa kusoma programu yake ya ndani. Diski haijitambui tena. Huyu kaka alikuwa ameigawa diski moja nusu kwa nusu, Windows huku, Linux kule. Zote mbili zimekwenda kwa mkupuo, pamoja na mahesabu ya wateja wake.

Kasi sitaizungumzia. SSD zote za SATA, aina inayoingia kwenye mashine hizi, zinagota karibu na MB 550 kwa sekunde, na ukiwa umetoka kwenye diski ya kuzunguka utaona tofauti hata kwa iliyo ya mwisho. Ninachotaka uulize ni kitu ambacho miongozo mingi ya kununua SSD inakiruka: umeme ukikatika ghafla, diski hii inafanya nini?

SSD haiachi data ikae mahali pamoja. Inaihamisha kutoka seli hadi seli, na inatunza jedwali la kuonyesha kipi kiko wapi. Lichukulie jedwali hilo kama daftari la mizani la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho: mzigo wote upo ghalani, lakini daftari likichanika hakuna anayejua gunia lipi ni la nani. Umeme ukikata katikati ya kuandika jedwali, au katikati ya kuongeza data kwenye seli ambayo tayari ina data nyingine, unaweza kupoteza hata faili uliyoihifadhi mwaka jana na hujaigusa tangu hapo. Watu wengi hawaelewi jambo hili. Wanadhani hatari ni ile barua waliyokuwa wanaiandika wakati ule.

Wanaoandika miongozo hiyo wanaishi kwenye umeme usiokatika. Sisi kwa miaka mingi tulitegemea kituo cha gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na hakuna nyumba Mtwara wala Lindi isiyojua giza la ghafla.

Kwa hiyo kabla ya chapa nina sharti moja: nunua diski mbili ndogo, usinunue moja kubwa ukaigawa. Windows ikae kwenye yake, Linux kwenye yake, kila moja na faili zake za kuwashia. Umeme ukiua moja, nyingine inaamka na kazi inaendelea. Fundi anapopiga Windows, mwambie achomoe kwanza diski ya Linux, la sivyo Windows inaweza kuweka faili zake za kuwashia kwenye diski isiyo yake na faida yote inapotea. Akimaliza, unachagua mfumo kwa kubonyeza F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP. Kwenye 7010 zichomekwe kwenye matundu mawili ya 6 Gb/s. Mengine ni ya 3 Gb/s.

Ya kwanza kwangu ni Crucial MX500, na sioni haya kusema naipenda chapa hii. Ni SSD ya mtu wa kawaida ambayo mtengenezaji wake amezungumzia kukatika kwa umeme waziwazi: imeundwa ili data iliyokwisha kuandikwa isiharibike umeme ukikata. Iliyokuwa bado njiani itapotea, hilo lisikudanganye, lakini ya jana na juzi inabaki. Ina DRAM yake, kumbukumbu ya haraka ya kushikia lile jedwali, dhamana ni miaka 5, na ya GB 500 imepimwa kuandikiwa TB 180, kiasi ambacho duka la kuchapa halitakifikia kwa miaka mingi. Kama pesa inatosha MX500 moja tu, iende kwenye Windows yenye mahesabu.

Kinachonisikitisha ni kwamba Desemba 2025 Micron, wenye Crucial, walitangaza kuacha biashara ya wanunuzi wa kawaida na kusambaza bidhaa hizo mpaka Februari 2026 tu, ili kumbukumbu zao ziende kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Wamesema dhamana itaendelea kuheshimiwa. Ukiikuta mpya, imefungwa, usisubiri msimu ujao.

Ya pili ni SSD za seva zilizotumika, hasa Intel DC S3500. Zina kapasita zinazobaki na chaji ya kutosha kumalizia kuandika baada ya umeme kukata, kwa hiyo hata data iliyo njiani inaokolewa. Kwa kigezo changu zinaishinda MX500. Nimeziweka nyuma kwa sababu ni za mkononi, na muuzaji asiyejua anachouza hawezi kukwambia imechoka kiasi gani. Angalia namba ya uchakavu kwenye SMART, rekodi ya afya inayotunzwa na diski yenyewe: inaanzia 100 na kushuka. Ikiwa 90 na zaidi, chukua.

Ya tatu ni Samsung 870 EVO. Diski nzuri, ina DRAM, dhamana miaka 5, na ya GB 500 imepimwa TB 300. Lakini haina ahadi ile ya umeme, kwa hiyo mwenye kuichukua anunue na UPS, kifaa cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikata. Na UPS nayo ina betri ya risasi ambayo joto letu la pwani linaila. Ikishindwa kuibeba mashine hata dakika moja, hiyo ni stendi ya meza, badilisha betri.

Kingston A400 na Crucial BX500 hazina DRAM. Ziwekee Linux tu, na nakala ya kazi zako iwe kwenye ile diski ya zamani ya kuzunguka. Zisizo na jina, zenye stika ya "1TB" kwa bei ya chakula cha mchana, sina la kusema.

Na Windows ikishaingia, zima ule uwashaji wa haraka kwa amri ya powercfg /h off. Usipouzima, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux itakataa kuandika kwenye diski yake.

Bei siandiki, na wauzaji ndio wamenifikisha hapa. Mtu anatangaza SSD mtandaoni, ukiuliza bei anajibu "njoo inbox". Ukienda inbox anakuuliza upo wapi. Ukisema Mtwara, bei inapanda kabla hata nauli ya mzigo wa basi haijahesabiwa. Kariakoo winga anaongeza yake katikati na risiti ya EFD haipo. Kweli bei imepanda duniani, lakini diski iliyokaa kabatini tangu kabla ya kupanda huko imepanda kwa lipi? Na mbaya kuliko yote ni wanaouza iliyotumika kwa jina la mpya. Mteja wa Lindi akishalipa na basi likaondoka, amrudishie nani?

Usilipe kabla hujaona SMART. Mwambie achomeke diski mbele yako, au akupigie video kama uko mbali, afungue programu ya CrystalDiskInfo na kukuonyesha saa ilizowashwa. Diski mpya itaonyesha sifuri au saa chache za majaribio. Ikiwa inasoma maelfu huku anakwambia ni mpya, ondoka. Ikiwa safi, piga picha namba yake ya utambulisho (serial number) na risiti kwa pamoja, maana bila hivyo viwili dhamana ya miaka 5 hutaipata.