Precision begani kwangu: besi ya fundi redio

Nina miezi 14 na besi yangu, gitaa la sauti ya chini, aina ya Squier Classic Vibe '60s Precision Bass. Kwa muda wote huo imefanya kazi karibu kila wiki: Jumamosi harusi au kipaimara, Jumapili asubuhi kanisani na kwaya. Sikuinunua dukani. Mpiga besi mwenzangu alimaliza mkataba wa hoteli Dubai, akarudi Dar es Salaam na besi mbili, akasema moja lazima iondoke. Tukaelewana shilingi 850,000 pamoja na begi lake.

Kabla ya hapo nilikuwa na besi ya nyuzi tano, yenye betri ndani na vitufe vitano vya kuzungusha. Niliamini kabisa kwamba vitufe vingi ndiyo sauti nyingi. Hii ina voliamu moja na toni moja, basi. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa ukienda kutafuta vitufe ambavyo havipo.

Squier lilikuwa jina la kampuni ya nyuzi ya Marekani. Fender, kampuni ya magitaa iliyobuni Precision, waliinunua mwaka 1965, na kuanzia 1982 wakaliweka jina hilo kwenye magitaa yao ya bei nafuu. Yangu imetengenezwa Indonesia. Lakini umbo lake, urefu wa nyuzi zake na pikapu yake (zile sumaku na koili za waya zinazosikiliza nyuzi) ni mambo yaliyoamuliwa Fullerton, California, kabla baba yangu hajazaliwa, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Leo Fender, alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua karakana yake pale Fullerton, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Wanamuziki walikuwa wakimpelekea vyombo vibovu, naye anawasikiliza shida zao. Shida ya mpiga besi ilikuwa kubwa kuliko ya wote: abebe besi ya mti inayozidi kimo chake, aipakie juu ya gari, na akifika ukumbini ngoma na tarumbeta zinammeza. Halafu shingo ya besi ile haina freti, vile vyuma vyembamba vinavyoigawa shingo, kwa hiyo noti unaitafuta kwa sikio. Mwaka 1951 Fender akatoa besi ya kuvaa begani, mwili wa mbao nzima usio na uwazi ndani, freti 20, na nyuzi za urefu wa inchi 34, kama sentimita 86. Jina Precision limetokana na zile freti: ukikanyaga mahali pake, noti inatoka sahihi. Paul Tutmarc wa Seattle alishatengeneza besi ya umeme yenye freti miaka ya 1930, lakini haikuenea. Ya Fender ndiyo iliyoingia kwenye bendi za dunia nzima.

Urefu ule wa inchi 34 nauheshimu sana. Gibson, kampuni pinzani ya magitaa, walipojibu mwaka 1953 walichagua inchi 30 na nusu. Nimewahi kushika besi fupi za namna hiyo. Vidole vinafurahi, lakini uzi wa E, ule mnene wa chini kabisa, unalegea na noti za chini zinakuwa na ukungu. Kwenye inchi 34 uzi unakaza, na noti ya chini ina mwanzo na mwisho unaosikika.

Besi ya 1951 ilikuwa ubao mtupu wenye kingo kali. Mwaka 1954, ule ule lilipotoka gitaa lao la Stratocaster, kingo zikachongwa pale mkono unapolala na pale mbavu zinapogusa mbao. Ukisimama kwa muda wa saa tano kwenye harusi utawashukuru waliochonga. Badiliko kubwa zaidi lilikuja 1957, nalo ni pikapu.

Ukiitazama Precision utaona pikapu yake imekatwa vipande viwili visivyokaa mstari mmoja. Kimoja, kilicho karibu na shingo, kinasikiliza nyuzi za E na A. Cha pili kimesogea kuelekea daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, kinasikiliza D na G. Wengi hudhani ni urembo. Sivyo. Koili za vipande hivyo zimeunganishwa kwa kupingana na sumaku zake zimegeuzwa. Mvumo wa taa na wa jenereta unaingia kwenye koili zote mbili kwa pamoja, lakini moja inausukuma huku na nyingine inausukuma kule, basi unajifuta. Sauti ya uzi haijifuti, kwa kuwa kila uzi una koili yake moja tu inayousikiliza. Na chini ya kila uzi kuna sumaku mbili ndogo, uzi ukipita katikati yake, wakati ile ya 1951 ilikuwa na moja tu. Ndiyo maana noti inaanza kwa ulaini badala ya kugonga.

Faida yake niliijua vizuri kwenye harusi moja Tabata. Umeme ulikatika, jenereta ikawashwa nyuma kabisa ya jukwaa. Gitaa la solo likaanza kuvuma mpaka fundi mitambo akaja kuchungulia kebo. Mimi niliondoa mikono kwenye nyuzi nikasikiliza spika yangu: kimya. Rafiki yangu mwenye Jazz Bass, ile besi nyingine ya Fender iliyotoka 1960 na pikapu mbili, ananiambia yeye akifungua voliamu zote mbili sawasawa naye anapata ukimya huo, lakini akipunguza moja tu, mvumo unarudi. Jazz ni besi nzuri mno, shingo yake nyembamba inakimbia. Kwa kumbi zetu na umeme wetu, mimi nakaa hapa.

Sasa nieleze siku iliyonifanya niipende. Ilikuwa harusi nyingine, wimbo umeshaingia kwenye chemko, ukumbi mzima uko juu. Mama mmoja akaja kututunza, noti ya elfu kumi mkononi, anacheza vizuri kweli, na mguu wake ukakanyaga kebo yangu. Tundu la jeki, pale kebo inapochomekwa, likazunguka lote, waya ndani ukakatika. Besi ikafa. Jumatatu nikaipeleka Kariakoo kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na amplifaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuione."

Alilegeza nyuzi, akafungua skrubu 13 za kile kibao cha plastiki chenye madoa kama gamba la kasa, akakinyanyua. Voliamu, toni na tundu la jeki vyote vilikuja pamoja nacho, kwa sababu vimefungwa kwenye kibao hicho hicho. Chini yake kulikuwa na zile voliamu na toni, kapasita moja, nyaya chache. Mzee akavaa miwani yake, akatazama kidogo tu.

"Hii ni toni ya redio ya zamani. Tumezifunga hizi tangu ujana wetu."

Akashika pasi ya kulehemu, akaurudisha waya wa jeki, akaongeza na wa athi uliokuwa umeanza kuachia. Kabla hajakaza nati akaweka washa yenye meno chini yake ili tundu lisizunguke tena. Elfu tano. Niliondoka pale nikiwaza kwamba mzee huyu hajawahi kufungua besi maishani mwake, na bado aliielewa kwa kuitazama, maana aliyeibuni alikuwa mwenzake wa kazi. Ile besi yangu ya nyuzi tano ilipokufa sakiti yake ya betri nilizunguka mafundi wanne, na kila mmoja aliniambia kipuri hakuna.

Haimfai kila mtu. Shingo ni nene na pana kwenye kichwa kuliko ya Jazz, na mwenye vidole vifupi atachoka mwezi wa kwanza. Anayepiga kwaya za siku hizi, zile zinazoshuka mpaka chini ya E, ataukosa uzi wa tano kila Jumapili. Mimi nimebadilisha mipigo kadhaa kwa ajili hiyo. Anayependa kupiga kwa kidole gumba na kuchomoa nyuzi, asikie zile cheche za juu, atafute kitu kingine. Na joto la pwani linaifanyia kazi shingo yoyote ya mbao: mara mbili nimeinyoosha kwa kukaza kile chuma kilichomo ndani yake, robo mzunguko tu kila mara, kisha naiacha ilale mpaka kesho ndipo nipime tena.

Nyuzi ilizokuja nazo nilizitoa. Zilikuwa za waya wa mviringo, zinakwaruza, na jasho la harusi na hewa ya chumvi vinaziharibu upesi. Nikaweka za waya bapa. Hapo ndipo besi ilipofunguka. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani, alikuwa na Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa, na alipiga kwa kidole cha shahada peke yake. Precision za enzi hizo zilikuja na kifuniko cha chuma juu ya daraja, na ndani yake sifongo inayogusa nyuzi zisilie muda mrefu. Yangu haina, kwa hiyo nilikata kipande cha sifongo ya godoro, upana wa vidole viwili, nikakisukuma chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja.

Noti ikawa fupi, nene, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mninga. Sikiliza rekodi za rumba za Léopoldville, Kinshasa ya leo, za miaka ya 1950, ile besi ya mti ya kusimama. Ni jamaa yake wa karibu. Sikiliza pia dansi la kwetu, Mlimani Park walioanza mwaka 1978 na mtindo wao wa Sikinde. Besi pale haijazi kila nafasi. Inasema neno, inanyamaza, inaziachia magitaa na tumba, inarudi. Ule unyamavu ndio unaowatoa watu vitini, na noti inayoburuza mkia inauharibu. Kwa besi yangu ya zamani nilikuwa nazima kila noti kwa kiganja na bado inavuja. Hapa sifongo inazima yenyewe, mkono wangu wa kulia uko huru.

Toni naiweka nusu, voliamu mpaka mwisho. Kanisani kwetu dari ni la bati, liko juu, lina mwangwi mkubwa. Nilidhani Jumapili nitalazimika kuitoa sifongo, ila mwalimu wa kwaya aliposikia Jumapili ya kwanza alinifuata baada ya ibada akaniambia sasa sauti ya nne wanaisikia noti yao ya kuanzia. Basi sifongo imebaki pale pale.